Mzizi wa Mwaka wa Nne

Wapigapicha huja Mei, airisi zikiwa zimesimama
kwenye matuta yetu ya Toskana
kama wanakwaya waliovaa urujuani.
Wanapiga, wanaondoka. Hawaulizi.
Wangeuliza tungewaambia: ua hatuna kazi nalo.
Tunachokitaka kiko chini, kimejikunja kama ngumi ya mtoto,
na siku ya kuchimbwa
hakinuki chochote ila tope na kiazi kibichi.

Julai tunaketi chini ya paa la bati, wanawake sita,
miguu ndani ya beseni la maji,
kila mmoja na kisu chake kilichopinda mdomo.
Tunamenya. Fosca anamsema mkwewe;
Nives anajibu kwa niaba ya mkwe asiyekuwepo.
Utomvu unawasha. Ukijisahau ukajifuta jicho
utalia kilio kisicho na msiba.
Kisha juani, kisha maguniani,
kisha darini, gizani, pamoja na panya.
Mwaka wa kwanza, hakuna.
Wa pili, labda: unanusa, unajilaumu kwa kujidanganya.
Wa tatu, kama mtu aliyepita chumbani
akaacha mlango wazi.

Nilipotimiza hamsini na tatu daktari aliniambia,
akiandika, bila kuinua uso,
kwamba mwili wangu sasa unakauka.
Alisema kwa upole, kama anayetangaza
kuwa duka limefungwa.
Nikafunga vifungo vya blauzi. Nikalipa.
Duilio alikuwa na miaka miwili kaburini;
hapakuwa na wa kumpelekea habari.

Oktoba akaja mnunuzi. Si yule kijana wa simu mbili,
mwingine, Ottavio, mvi nusu, kola imechakaa,
na kisanduku cha vichupa.
Akadondosha matone kwenye vipande vya karatasi,
eti niseme, mimi nisiyejua kusema.
Ganda la bergamoti: nikacheka
kabla sijajua nacheka nini.
Asumini: nikarudisha kichwa nyuma.
Tamu, ndiyo, lakini chini yake kuna banda la wanyama,
kuna shuka la asubuhi.
"Hapo hapo," akasema, "ndipo watu wanapotolea pesa."
Sandali ikanitia usingizi.
Ambari sikuielewa. Ilikuwa chumvi,
ilikuwa nywele za mtu aliyelala ufukweni.
Nilitamani kuinusa tena, nikaona haya kuomba.

Tukapanda darini. Akafungua gunia la mwaka wa nne,
akazamisha mkono mpaka kiwikoni,
akafumba macho.

Harufu ile haiiti. Asumini huita.
Hii inakaa tu, kama poda kwenye mto,
kama mkate ulioanza kupoa,
kama utosi wa binti yangu alipokuwa anaota meno
nikampa kipande cha mzizi atafune.
Ina ubaridi kidogo.
Inakufanya usitafute mlango.

"Wengine huutia kwenye tanuri, wauharakishe," akasema.
"Unanuka, lakini hauna neno."
Alikuwa anazungumzia mizizi.
Najua alikuwa anazungumzia mizizi.
Lakini aliushika mkono wangu,
mkono uliomenya miaka thelathini na minne,
akaunusa kifundoni, pale mshipa unapogonga,
na hakuurudisha upesi.

Nilimtajia bei ya juu. Hakubishana.

Usiku nilivua nguo mbele ya kioo, taa ikiwaka,
jambo nisilolifanya tangu mazishi.
Nikainamisha pua begani kwangu mwenyewe,
nikakaa hapo.
Daktari hakukosea: ninakauka.
Ila hakunusa.

Kichupa cha ambari kimebaki dirishani, jikoni.
Kakisahau, labda.
Bado sijakifungua.